Tathmini: mfuko wa askari 36 wa Braunschweig, baada ya miezi mitano ya kuupaka rangi hapa Mtwara

Mwezi Mei nilinunua kwa shilingi 120,000 mfuko wa sanamu 36 za madini, zote za askari wa Braunschweig wa zama za Napoleon, mtawala wa Ufaransa. Aliyeniuzia ni mhandisi wa gesi ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha na hakutaka kusafiri na mzigo mzito. Kila sanamu ina kimo cha milimita 28 hivi, yaani haifiki urefu wa kidole gumba. Zilikuwa zimeviringishwa kwenye magazeti, bila boksi, bila jina la mtengenezaji na bila karatasi ya maelekezo, na juu ya mfuko paliandikwa kwa kalamu neno moja tu: Waterloo, jina la mahali Napoleon aliposhindwa vita mwaka 1815. Ninaandika tathmini hii kwa sababu nimeulizwa mara kadhaa, na watu wa hapa na wa Lindi, kama sanamu za namna hii zinafaa kununuliwa na mtu anayeanza. Jibu langu ni kwamba zinafaa sana, ila anayezinunua ajue kuwa amenunua kazi ya kusoma kwanza na kazi ya kupaka rangi baadaye. Mimi nilikaa na mfuko huu wiki sita kabla ya kufungua chupa ya rangi, na kila nilichokipenda ndani yake nilikigundua katika wiki hizo.

Braunschweig ilikuwa dola ndogo ya kaskazini mwa Ujerumani, chini ya mtemi wake yenyewe, katika wakati ambao Ujerumani haikuwa nchi moja. Mtemi Karl Wilhelm Ferdinand alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Auerstedt tarehe 14 Oktoba 1806 akiliongoza jeshi la Prussia, dola nyingine ya Kijerumani, dhidi ya Wafaransa, akafariki mwezi uliofuata. Mwaka 1807 Napoleon aliifuta dola hiyo na kuitia ndani ya ufalme mpya wa Westfalia aliompa ndugu yake Jérôme. Mrithi, Friedrich Wilhelm, akabaki mtemi asiye na nchi. Mwaka 1809 alikubaliana na Austria, iliyokuwa ikipigana na Napoleon, akakusanya kikosi chake huko Bohemia na kukivika nguo nyeusi tupu, na kwenye kofia akaweka fuvu la kichwa juu ya mifupa miwili. Weusi huo kwa kawaida huelezwa kuwa ni wa maombolezo, kwa baba na kwa nchi iliyopotea. Austria ilipokubali kusimamisha vita mwezi Julai mwaka huo, yeye alikataa kuweka silaha chini. Akiwa na watu wapatao 2,000 aliikata Ujerumani kutoka kusini hadi pwani ya kaskazini, akapigana Halberstadt tarehe 29 Julai na Ölper, kando ya mji wake mwenyewe, tarehe 1 Agosti, na siku chache baadaye wakapanda meli mdomoni mwa mto Weser na kwenda kuwatumikia Waingereza.

Nimeileta habari hii mapema kwa sababu bila kuijua mnunuzi hataweza kuzipanga sanamu hizi. Neno Waterloo lililoandikwa kwenye mfuko si kweli kwa sanamu zote. Nilipozisimamisha mstari mmoja juu ya meza niliona kwamba tano kati yake zimevaa koti refu linalofika karibu na goti, na nyingine 31 zimevaa koti fupi linaloishia kiunoni. Koti refu ni la mwaka 1809, la wale walioikata Ujerumani kwa miguu. Koti fupi lenye kaitani kifuani, yaani kamba za mapambo zilizoshonewa nguo, ni la jeshi jipya ambalo mtemi aliliunda baada ya kurudishiwa nchi yake mwishoni mwa 1813, na ndilo lililopigana Quatre Bras tarehe 16 Juni 1815, siku aliyouawa Friedrich Wilhelm mwenyewe, na Waterloo siku mbili baadaye. Mtu akizipaka zote kwa pamoja na kuziweka kwenye uwanja mmoja atakuwa amewaweka bega kwa bega watu waliotenganishwa na miaka sita.

Baada ya koti nilitazama kofia. Wote wamevaa shako, ile kofia ndefu ya kijeshi iliyosimama kama kopo, na nishani iliyo mbele yake ndiyo inayosema askari ni wa wapi. Katika jeshi la 1815 batalioni ya walinzi wa mtemi, iliyoitwa Leib, ilibaki na fuvu pamoja na shada la nywele nyeusi za farasi linaloanguka mbele. Batalioni tatu nyepesi zilikuwa na pembe ya mwindaji. Batalioni tatu za mstari, yaani za askari wa miguu wa kawaida wanaopigana wakiwa wamejipanga safu, zilikuwa na bamba la umbo la nusu mwezi lenye farasi anayeruka, alama ya kale ya eneo hilo, na badala ya nywele za farasi walivaa kishada cha umbo la peasi chenye buluu na njano, rangi za Braunschweig. Kwa lenzi niliyoazimwa na fundi saa wa jirani nilihesabu nusu mwezi 24 na fuvu saba zenye koti fupi. Kwa hiyo nina kundi zuri la batalioni ya mstari, kikundi cha Leib, na wale watano wa 1809. Hakuna hata mmoja wa batalioni nyepesi, na hakuna wale wa kikosi cha mbele waliovaa kijivu na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, ambao kwa kweli nilitamani kuwapata.

Linabaki swali la batalioni ipi, na jibu lake liko kwenye ukosi, sehemu ya nguo ambayo kwenye sanamu hizi haizidi milimita mbili. Leib walikuwa na ukosi wa buluu hafifu, batalioni ya kwanza ya mstari ukosi mwekundu, ya pili ukosi wa kijani, na ya tatu ukosi mweupe. Nguo nzima ni nyeusi, mikanda ni myeusi, kofia ni nyeusi, na kile kipande kidogo shingoni pamoja na mapande ya mabegani ndicho kinachomtofautisha mtu na mwenzake. Nimewahi kupaka sanamu za majeshi yenye rangi nyingi, na ninasema bila kusita kwamba hakuna iliyonifanya niwe mwangalifu kama hizi.

Kuhusu vyanzo, ninamshauri anayeanza asitegemee mchoro mmoja. Mkusanyiko wa picha za kijeshi wa Anne S. K. Brown ulioko Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, umewekwa kwenye intaneti na unaweza kutazamwa kwa simu bila malipo. Mimi niliutazama usiku, wakati mtandao ukiwa na nafuu. Michoro ya Richard Knötel, msanii Mjerumani wa sare za kijeshi, nayo inapatikana kwa urahisi na inapendeza macho, lakini ikumbukwe kwamba Knötel alizaliwa mwaka 1857, miaka 42 baada ya Waterloo, kwa hiyo yeye pia alikuwa mtafiti kama sisi, wala hakuwa shahidi. Desturi yangu ni kuandika kwenye daftari kila kipande cha nguo, kofia, ukosi, mkanda, shanta, na mbele yake kuandika ni nani aliyesema hivyo na aliishi lini. Vyanzo viwili vikipingana, ninamfuata yule aliyekuwa karibu zaidi na tukio.

Rafiki yangu wa Lindi aliniuliza, kwa uchungu ninaouheshimu, inakuwaje mtu wa kusini akae akipamba sanamu za Wadachi. Babu zetu waliwajua Wadachi kwa boma la Mikindani lililojengwa mwaka 1895, na kwa vita vya Maji Maji miaka kumi baadaye. Nilimjibu kwamba ndiyo sababu hasa ninataka kujua nani alikuwa nani. Watu wa sanamu hizi waliishi miaka 80 kabla ya boma lile, katika dola ambayo yenyewe ilikuwa imetwaliwa na mgeni, na Ujerumani iliyokuja kwetu ilikuwa bado haijaundwa. Iliundwa mwaka 1871. Mtu akiyachanganya hayo mawili anaifahamu vibaya historia yao, na yetu pia.

Sasa niseme juu ya ubora wa sanamu zenyewe. Nyuso ni nzuri mno. Mchongaji amewapa wengi wao nyuso za vijana, mashavu yaliyojaa na macho yaliyokazwa, na amefanya vema, kwa kuwa sehemu kubwa ya jeshi la Braunschweig la 1815 ilikuwa ya vijana wasiowahi kuona vita. Mikunjo ya suruali inaangukia mahali pake, na shanta zimekaa mgongoni kwa uzito unaoonekana. Kasoro kubwa ni mstari wa kalibu, ule ukingo mwembamba unaobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye sanamu 11 mstari huo umepita katikati ya kaitani za kifuani, na kuuondoa bila kuzifuta kaitani ni kazi ya tupa ndogo na subira. Mimi nilitumia dakika 40 kwa sanamu moja. Bunduki za gumegume ni nyembamba na zilikuwa zimepinda safarini. Hunyooka kwa vidole, lakini zisikunjwe mara ya pili kwa sababu zitakatika. Mafuvu ya Leib nayo hayakuchongwa kwa kina cha kutosha, kwa hiyo macho ya fuvu lazima yachorwe kwa ncha ya brashi.

Niongeze tahadhari moja. Madini ya sanamu za zamani mara nyingi yamechanganywa na risasi, ile metali laini yenye sumu, na kwa kuwa mfuko huu haukuwa na maelezo, nilizichukulia zote kuwa nazo. Kazi ya tupa na msasa niliifanyia barazani juu ya gazeti lililolowanishwa ili vumbi lisipeperuke, nikanawa mikono kabla ya kugusa chakula, na watoto sikuwaruhusu kukaa karibu.

Rangi nilizotumia ni Vallejo za kundi la Model Color, rangi za akriliki za Kihispania zinazochanganywa na maji, katika chupa ndogo zenye mdomo wa kudondoshea. Niliziagiza kwa mtu wa Dar es Salaam, akazituma kwa basi. Chupa moja haikufika, na sijui ilipoteleza mkononi mwa nani, kwa hiyo ninashauri kila anayeagiza aombe orodha iliyoandikwa. Rangi zenyewe ninazisifu bila shaka yoyote: zinafunika vizuri zikiwa nyembamba, hazinuki, na ule mdomo wa kudondoshea unamwezesha mtu kuhesabu matone, jambo muhimu anapotaka kurudia mchanganyiko uleule kwa askari 24. Hapa kwetu shida ni joto, kwani rangi hukauka juu ya kisahani kabla hujaimaliza. Dawa yake ni kutandika kitambaa kilicholowa maji ndani ya kopo bapa, juu yake karatasi ya kuokea, na kuchanganyia rangi juu ya karatasi hiyo. Kwa njia hiyo mchanganyiko wangu ulidumu mchana kutwa. Praima, ile rangi ya kwanza inayotangulia nyingine ili zishike, niliinunua kwa wanaopaka rangi magari, nyeusi isiyong'aa, ya kupuliza. Ninawasihi wenzangu wasiipulize msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kwani unyevu huiacha na ukungu mweupe. Mimi nilingoja upepo wa kusi, nikapuliza saa nne asubuhi jua likiwa limekwisha kukausha hewa, na sanamu zote 36 zilitoka safi.

Nililokosea ni weusi wenyewe. Askari wa kwanza nilimpaka nyeusi namba 70.950 kuanzia shingoni hadi miguuni, nikamwekea ukosi, nikaridhika. Nilipomtazama kwa mbali hakuwa na mikono wala kifua. Alikuwa kivuli chenye uso. Nilimpeleka kwa mzee mmoja Mmakonde anayechonga mpingo kando ya barabara ya Mikindani, mtu ambaye ameshughulika na weusi maisha yake yote. Nilimwamkia, akaitikia, akamchukua yule askari, akamgeuzageuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, huyu umemzima," akaniambia. "Mpingo ni mweusi, lakini una mwanga wake. Tazama huyu wangu begani, kisha tazama hapa chini ya kwapa. Ni mti mmoja, lakini weusi si mmoja."

"Sasa mzee, nami sina mti, nina rangi tu. Nifanyeje?"

"Amua kwanza mwanga unatoka wapi. Halafu uliza ni nini kimesuguliwa na nini hakikusuguliwa. Kilichosuguliwa kinang'aa, kisichosuguliwa kinakunywa mwanga."

Maneno hayo yalibadilisha kazi yote. Askari wa Braunschweig amevaa weusi wa aina tatu, wa sufu, wa kaitani na wa ngozi, na kila mmoja unapokea mwanga kwa namna yake. Kwa sufu nilichanganya matone matatu ya nyeusi na tone moja la buluu ya Prussia iliyokolea, namba 70.899, kisha kwenye mabega, viwiko, magoti na ukingo wa mikunjo nikapitisha kijivu kinachokaribia nyeusi, namba 70.862, na mwisho nikaongeza tone dogo la kijivu hafifu pale juu kabisa tu. Wa 1809 niliwapa kahawia kidogo badala ya buluu, kwa sababu nguo nyeusi iliyopigwa na jua na vumbi la safari hupauka na kuwa hudhurungi, jambo analolijua kila aliyeona buibui la zamani likianikwa hapa pwani. Kaitani nilizipa mstari mmoja wa kijivu, mwembamba, upande wa juu tu. Ngozi ya mikanda na shako niliiacha nyeusi tupu, nikaipaka vanishi yenye mng'ao kidogo, wakati nguo zote zilipata vanishi isiyong'aa. Mwanga wa taa ukiwapiga sasa, mkanda unatengana na koti bila kuhitaji rangi nyingine. Nilimrudishia mzee askari yuleyule baada ya kumsafisha na kumpaka upya, akamweka kati ya sanamu zake za mpingo na kusema amekuwa mtu. Nilimwachia.

Kwa wale wa mstari waliobaki nilichagua batalioni ya pili, ya ukosi wa kijani. Kijani kilichokolea humezwa na nyeusi, kwa hiyo anayeifuata njia hii aanze na kijani anachokiona kuwa kimezidi kung'aa mkononi, kwani shingoni pa askari kitatulia chenyewe. Ilinibidi kuzirudia kosi tisa nilizozianza kwa kijani cha kweli cha nguo. Anayetaka urahisi na achague ukosi mwekundu wa batalioni ya kwanza. Mweupe ni wa mwenye mkono usiotetemeka.

Chini ya miguu yao sikuweka mchanga wa ufukweni, kwa kuwa ni mweupe mno na una chumvi, ingawa tunao bure. Nilichekecha udongo wa kahawia wa uani, nikaubandika kwa gundi ya mbao. Mapigano ya Quatre Bras yalikuwa kati ya mashamba ya shayiri nyeusi iliyorefuka sana, kwa hiyo nilikata nyuzi za katani, nikazipaka njano iliyochanganywa na kijani, na kuzisimamisha mafungu mafungu. Sijaona kitu cha dukani kinachofanana na mmea ule kuliko katani yetu.

Gharama yote, pamoja na chupa tisa za rangi, praima, vanishi mbili na brashi tatu nzuri, ilifika shilingi 365,000 kwa askari 36, yaani kama shilingi 10,000 kwa kila mmoja. Si bei ndogo, na brashi ndipo pasipofaa kubana matumizi. Nilijaribu kwanza brashi za wanafunzi kutoka duka la vifaa vya shule, zikaacha nywele zake kwenye kaitani. Sanamu ninazipa alama nane kati ya kumi, nikizipunguzia moja kwa mistari ya kalibu na nyingine kwa mafuvu yasiyo na kina. Rangi ninazipa tisa. Kwa anayeanza kabisa, anunue sita tu kama atapata za kununua kwa hesabu, achague batalioni moja, na asitangulize brashi kabla ya daftari.

Askari 23 wa ukosi wa kijani sasa wamesimama kwenye rafu ya sebuleni, mbali na dirisha ili jua lisiwapaushe, na Leib saba wenye buluu hafifu wako mbele yao. Wale watano wa koti refu nimewaweka kwenye ubao wao peke yao, bila katani, juu ya udongo uliokanyagwa kama barabara. Wanne wamekwisha. Wa tano ana kiatu kilichopasuka kidoleni, jambo ambalo mchongaji alilifanya kwa makusudi na nililiona juzi tu, na ninataka kumaliza mguu huo mchana, kwa mwanga wa jua.